Redio ya Babu Haina Mekyuri, na Wewe Staa Unayeitangaza Unajua

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani. Nina jambo moja na sitalizungusha: kuna watu mjini wanakula hela za wazee wa Tarime na Serengeti kwa kutumia redio za mbao, na kuna mastaa wanawasaidia kwa posti za kulipwa. Siwataji majina. Wenyewe wakisoma mpaka mwisho watajijua, na mashabiki wao nao sio wajinga.

Tangazo lenyewe mmeshaliona. Picha ya redio ya mbao, zile kubwa zenye kitambaa mbele na kioo kilichoandikwa majina ya miji ya Ulaya. Chini yake maandishi mekundu: inanunuliwa haraka, milioni hamsini mpaka mia mbili, iwe haijawahi kufunguliwa, iwe na "taa yenye mekyuri". Halafu namba ya simu. Kabla ya redio ilikuwa pasi ya jogoo. Kabla ya pasi ilikuwa rupia ya Mjerumani. Biashara ni ileile, wanabadilisha chambo tu.

Lingebaki kwenye magrupu ya WhatsApp watu wangecheka wakapita. Shida imeanza pale staa mmoja wa vichekesho, mwenye mafolowa wengi kuliko kura za diwani wetu, alipoliweka kwenye stori yake na kusema eti wadau mchongo huo, changamkieni. Huku kwetu mtu akiona sura anayoifahamu anaamini. Kijana anamwonyesha baba yake simu. Baba anakumbuka redio ya babu iliyoko ndani juu ya magunia ya mahindi. Hapo safari imeanza.

INAVYOPIGWA HELA

Unapiga ile namba. Anapokea mtu mpole, anakuita "mzee wangu". Anaomba picha. Ukituma tu anapandwa na furaha, anasema hiyo ndiyo yenyewe, mnunuzi ni mzungu, au Mwarabu, au Mchina, inategemea siku. Bei anataja yeye na wala hapunguzi. Ila kuna kitu kidogo: mtaalamu wa kupima lazima aje, na mtaalamu ana nauli na hela ya kupimia. Laki tatu. Mtaalamu anakuja kweli, wakati mwingine na koti jeupe. Anasogeza simu karibu na redio, simu inapoteza mtandao, anashtuka, anasema mzigo upo. Baada ya hapo kuna kemikali ya kuutulizia mzigo, milioni moja. Kuna kibali. Kuna gari la ulinzi. Mnunuzi yuko njiani kila siku na hafiki.

Upande wa Nyamwaga nimeambiwa habari ya mzee aliyeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya hiyo "kemikali". Ng'ombe wawili, mura. Kwetu ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari ya kijana, ni hela ya hospitali usiku wa manane. Mzee yule sasa hataki kuongelea habari hiyo, na ndivyo matapeli wanavyopenda, kwa sababu mtu mzima aliyepigwa anaona aibu kwenda polisi kusema nilidanganywa na redio yangu mwenyewe.

Sasa wewe staa uliyechukua hela ya tangazo, hebu tuulizane. Ile laki tano au milioni waliyokulipa, unadhani ilitoka wapi? Mtu ambaye hajawahi kununua redio hata moja, bajeti ya matangazo kaitoa wapi? Ilitoka kwenye wale ng'ombe.

NDANI YA REDIO KUNA NINI

Ngoja tuifungue wenyewe, bila koti jeupe.

Redio za zamani za mbao zinatumia vitaa vya kioo ambavyo mafundi wanaviita valvu. Ni chupa ndogo iliyonyonywa hewa yote. Ndani kuna uzi unaopashwa moto, uzi ukipata joto unarusha elektroni, elektroni zinakimbilia kwenye bati la pembeni, na katikati kuna wavu mwembamba unaozipunguza au kuziachia. Mawimbi madogo yakiingia kwenye wavu yanatoka makubwa upande wa pili. Hiyo ndiyo amplifaya. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu mwaka 1906, na dunia ikapata redio. Mwaka 1947 transista ikagunduliwa kule Marekani, na taratibu valvu zikaanza kupotea kwenye redio za kawaida.

Sasa kuna ujanja mmoja ambao kila tapeli anautumia. Ukiangalia valvu nyingi, kichwani au ubavuni kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Tapeli anakuonyesha pale, anasema "unaona mekyuri hiyo?" Mzee anaona kweli kitu cha fedha kinang'aa, anaamini. Ile ni bariamu. Kiwandani waliipaka kwa makusudi, kazi yake ni kumeza hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa ili valvu iishi muda mrefu. Valvu ikipata ufa na hewa ikaingia, lile doa linageuka jeupe kama chokaa. Ukiliona jeupe ujue imekufa. Hakuna cha milioni hamsini pale, ni mpako mwembamba sana ambao hata kuukwangua huwezi ukapata wa kujaza kijiko.

Zipo valvu zenye zebaki kweli, sifichi. Ni zile za kubadilisha umeme kwenye mitambo mikubwa kama ya kurushia matangazo. Na hizo nazo zina zebaki ya kawaida, ya rangi ya fedha, isiyo na utajiri wowote.

Na hapa ndipo ninaposhangaa watu wa Mara tunapigwaje. Zebaki sisi tunaijua! Vijana wanaochimba dhahabu kwa mikono kule Nyamongo wanaitumia kukamatia dhahabu kwenye mchanga, na ni sumu. Kama zebaki kidogo ingekuwa inauzwa milioni mia, kuna kijana angehangaika kuponda mawe na kuosha mchanga juani? Angeuza ile zebaki na kwenda zake nyumbani. Watakuambia yao ni nyekundu. Sawa, madini mekundu ya zebaki yapo, dunia imeyatumia tangu zamani kutengenezea rangi ya kupakia. Hakuna aliyekuwa bilionea kwa rangi.

DUNIA NZIMA IMESHAPIGWA

Huu mchezo haujaanzia Sirari. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu waligombania cherehani za zamani za Singer wakiamini kuna zebaki nyekundu kwenye sindano, na kipimo chao kilikuwa hichohicho cha simu kupoteza mtandao. Cherehani moja ilifika bei ya riyali laki mbili, mpaka polisi wakaingilia. London, mwaka 2006, watu watatu waliachiwa huru na mahakama baada ya kesi nzito ya kutaka kununua zebaki nyekundu, kitu ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilishasema mwaka 2004 kwamba hakipo. Chitungwiza, Zimbabwe, Januari 2013, mlipuko nyumbani kwa mganga uliua watu kadhaa, na uvumi mkubwa ukawa kwamba walikuwa wanafungua bomu la ardhini wakitafuta zebaki nyekundu. Uongo huu unaua.

Na siku hizi wameongeza TV. Eti wanatafuta "TV ya mbao yenye mlango, ya miaka ya sitini". Jamani. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, bara tukaja kupata mwaka 1994. Babu wa Mugumu miaka ya sitini angeangalia nini, vumbi? Labda wa mpakani angesubiri mawimbi ya Kenya yapotee njia. Na nionye kabisa: ile kioo kubwa ya TV ya zamani haina hewa ndani, ukiipiga nyundo inapasukia ndani na vipande vinaruka. Kuna mtu atapoteza jicho akitafuta mekyuri.

SASA WEWE KAKA WA HEDIFONI

Mlidhani nimemaliza? Kuna mwingine. Huyu hasemi mekyuri, huyu ni msomi. Tunamwona kwenye video zake za usiku, chumba kina giza, hedifoni kubwa kichwani, mezani kuna amplifaya yenye valvu zinawaka rangi ya chungwa, anafumba macho kama anaombewa. Chini anaandika bei, na oda anapokea. Kazi nzuri, sibishi. Hata mimi nina kiamplifaya kidogo cha Kichina chenye valvu mbili za 6J1, na usiku nikiweka Mbaraka Mwinshehe najisikia niko dansini Morogoro.

Lakini huyu kaka, mzigo wake anautoa wapi? Anautoa kwa madalali wanaozunguka vijijini Serengeti na Tarime. Dalali anamwambia mama mjane: "Hii ni takataka, nakusaidia kuitoa nyumbani, chukua elfu kumi na tano." Kisha redio inafunguliwa palepale uani, valvu zinang'olewa, transfoma inakatwa nyaya, kioo cha majina ya miji kinachukuliwa kwa ajili ya urembo, na lile boksi la mbao linaachwa kuwa kuni. Mjini anasema ni "hazina niliyoipata porini". Porini? Ni sebuleni kwa watu.

Yule wa kwanza anamdanganya mzee kwamba redio ni milioni mia. Huyu wa pili anamdanganya kwamba ni bure. Wote wawili wanategemea kitu kimoja, kwamba mzee hajui kusoma maandishi yaliyo kwenye kioo cha valvu. Basi leo nayasoma hapa, halafu tuone.

Kila valvu ina jina lake limepigwa chapa. Ukiona linaanza na D, mfano DK96, DF96, DAF96, DL96, hiyo ilikuwa redio ya betri. Hizi zilitengenezwa miaka ya hamsini kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, ndiyo maana vijijini kwetu ndizo utakazozikuta. Bei yake sokoni nje ni dola chache tu kwa moja. Mtu akikuambia DL96 ni utajiri, mfukuze.

Ukiona linaanza na E, mfano ECC83, EL84, ECL82, hiyo ilikuwa redio au amplifaya ya kuchomeka umeme. Hizo zilikuwa kwa wenye maduka, wamisheni, watumishi wa serikali. ECC83 ndiyo ambayo Wamarekani wanaiita 12AX7, na watengeneza amplifaya wanaipenda sana. Ya Mullard ya Uingereza au Telefunken ya Ujerumani, ikiwa nzima na haijachoka, inaweza kufika dola mia moja na kuendelea. Nasema ikiwa nzima, na iwe imepimwa. Iliyochoka haina bei hiyo. Zile za maelfu ya dola, kama 300B ya zamani ya Western Electric ya Marekani, zilikuwa za mitambo kama ya majumba ya sinema, usitegemee kuikuta juu ya magunia ya mahindi Natta.

Na valvu hazijaisha duniani. Slovakia wanatengeneza, Urusi wanatengeneza, China wanatengeneza mpaka leo. Kwa hiyo kaka wa hedifoni asikutishe kwamba bila redio ya babu yako muziki utakufa. Anaweza kuagiza mpya. Anakuja kwako kwa sababu kwako ni rahisi.

Kitu kingine anachodanganya mashabiki wake ni ile "sauti halisi". Ukweli ni kwamba ukiweka kwenye mashine ya kupimia, amplifaya ya transista ya bei ya kawaida inaweza kuishinda ya valvu kwa usafi wa sauti. Valvu inaongeza utamu wake kidogo ambao haukuwepo kwenye wimbo, na masikio ya wengi yanaupenda utamu huo. Mimi pia naupenda. Ila kumuuzia mtu utamu ukiuita uhalisi ni sawa na kumuuzia soda ukasema ni juisi ya kukamua.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Nimeshazoea komenti zenu. Wa kwanza atasema: "Sasa redio mbovu inakaa ndani ya nini, si bora elfu kumi na tano?" Sijasema watu wasiuze. Redio ni yake, auze kesho asubuhi akitaka. Ninachokataa ni mnunuzi kujua bei na muuzaji kutojua, halafu mnunuzi akaita hiyo akili ya biashara. Mbona ng'ombe hatuuzi hivyo? Mnadani mnunuzi anamshika, anamwangalia meno, na mwenye ng'ombe naye anajua ng'ombe wake ni wa bei gani. Wote wana macho.

Wa pili atasema staa hana kosa, yeye alilipwa tu kutangaza. Huyo naomba akae kimya kidogo. Mtu anayelipwa kushika ngazi wakati mwizi anapanda dirishani tunamwitaje? Kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kusambaza uongo mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sura nzuri sio kinga.

Wa tatu atasema nina wivu. Sawa, nina wivu. Nawaonea wivu wazee wangu mali yao.

KWA NINI NAPANDISHA MAPEPO KWA AJILI YA REDIO

Kwa sababu hizi redio zina historia kuliko sisi wote tunaosoma hapa. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, watu wengi wa mbali waliusikia wakiwa wamekaa kuizunguka redio ya mtu mmoja mwenye uwezo, kijiji kizima. Bendi za dansi ziliingia majumbani kwa redio. Mzee anayeitunza ile redio kwa miaka sitini hakuitunza kwa sababu anangoja Mwarabu wa mekyuri. Aliitunza kwa sababu siku ile aliyoinunua alikuwa mtu.

Na ukweli mtamu ni huu: nyingi zinaweza kuimba tena. Redio ya betri ya valvu za D mara nyingi inataka volti 90 na volti 1.5 tu. Volti 90 unapata kwa kuunganisha betri kumi za volti 9 mfululizo, na ile 1.5 ni betri moja kubwa ya tochi. Redio nyingi za umeme zina tundu nyuma la kuchomekea gramafoni, fundi anayejua kazi anaweza kupitisha hapo muziki wa simu. Ila usikurupuke kuichomeka ukutani baada ya miaka arobaini, kapasita za zamani zinakuwa zimeharibika, na ndani kuna volti zaidi ya mia mbili zinazoweza kubaki hata ukishazima. Hiyo ni kazi ya fundi redio, na mafundi wazee bado wapo Tarime mjini na Mugumu. Wanachokosa ni vipuri, kwa sababu vipuri vinapanda basi kila wiki kwenda kupiga picha gizani.

FANYENI HIVI

Wewe kijana uliyeko mjini, piga simu nyumbani leo. Uliza kama kuna redio ya zamani. Waambie asije mtu akaifungua wewe haupo. Ukienda likizo, ipige picha mbele, nyuma, na majina ya valvu moja moja. Usiisugue ile chapa kwa kitambaa, wino wake unafutika kirahisi na jina likifutika bei nayo inapotea. Usishike valvu kwa kuizungusha kwa nguvu, ivute taratibu wima. Kisha tafuta mtandaoni jina hilo zimeuzwa kwa bei gani, sio zinatangazwa kwa bei gani. Halafu mwachie mzee aamue: kuuza, kutengeneza, au kuiacha pale juu ya magunia.

Mtu yeyote akiomba hela kabla hajakupa hela, awe anaita nauli, kipimo, kemikali au kibali, huyo ni tapeli. Peleka namba yake polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji, na aibu mwachie yeye.

Kaka wa hedifoni, wewe sikufungii mlango. Njoo mwenyewe, acha dalali. Mwambie mzee valvu hii inaitwaje na utaiuza bei gani, mpe chake, na kwenye video yako useme imetoka Serengeti kwa ruhusa ya mwenyewe. Tutakununulia hizo amplifaya na tutakupigia debe bure.

Na wewe wa vichekesho, lile tangazo umelifuta juzi baada ya watu kuanza kuuliza. Kulifuta ni rahisi, ni kidole kimoja. Tunasubiri video nyingine, ya dakika moja tu, uso uleule, sauti ileile, useme wazi kwamba hakuna mekyuri kwenye redio. Waliokuamini ile siku ya kwanza watakuamini na siku hiyo. Usipofanya, tutajua ng'ombe wale waliliwa na nani.

Komenti ziko wazi hapo chini. Aliyepigwa aandike bila kutaja jina lake, aliye na redio inayowaka atuambie inaitwaje. Povu ruksa, ila mje na hoja.